Uraibu wa Kubuni Nchi: Maelezo juu ya Kuandika Riwaya ya Kwanza ya Mambo ya Ajabu

Neno uraibu limekwenda safari ndefu. Hapo zamani, katika pwani yetu, lilitumika kwa vitu vya kutafuna au kuvuta vinavyompendeza mtu bila ya kumshibisha: tambuu, tumbaku na mfano wa hivyo. Siku hizi lina maana mbili zinazovutana. Waganga hulitumia kwa mazoea ya ulevi ambayo mtu hawezi kuyaacha, na walimu wa shule hulitumia kwa shughuli ambayo mtu huifanya baada ya kazi yake kwa kuipenda tu. Mtu aandikaye riwaya ya kwanza ya mambo ya ajabu usiku, baada ya kutoka kazini, yumo katika maana zote mbili. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemwahidi malipo, wala kuacha hawezi.

Makusudi ya makala hii ni kueleza kazi hiyo jinsi ilivyo, na hasa jinsi lugha ya Kiswahili inavyomsaidia na inavyomshurutisha yeye aliyeishika kwa mara ya kwanza. Kwa "riwaya ya mambo ya ajabu" nakusudia hadithi ndefu ya nathari ambayo nchi yake ina kanuni zisizokuwamo katika nchi zetu: wanyama husema, majini huoa, watu hugeuzwa mawe. Wengine huiita fantasia, na neno hilo nalo lafaa. Yamkini msomaji ataona kwamba jambo hili ni la kuchezea, si la wataalamu. Mimi naona kinyume chake. Mwandishi wa namna hii ndiye anayeipeleka sarufi mahali ambapo vitabu vya sarufi havijafika, na akikosea, hukosea mbele ya macho ya watu.

1. Waliotutangulia

Si aibu kuandika kwa uraibu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali kwa zaidi ya miaka 30. Vitabu vyake aliviandika katika saa zilizobaki baada ya kazi ya ofisi. Katika saa hizo ndimo zilimozaliwa Kusadikika, iliyotolewa mwaka 1951, na Adili na Nduguze, iliyotolewa mwaka 1952. Kufikirika ilitoka mwaka 1967, yaani miaka 5 baada ya mwandishi kufa, ingawa ilikuwa imeandikwa miaka mingi kabla yake. Basi yeye aonaye kwamba mswada wake umekaa sana sandukuni na aukumbuke huo.

Huko Uingereza mambo yalikuwa hayohayo. Charles Lutwidge Dodgson, ajulikanaye kwa jina la Lewis Carroll, alikuwa mwalimu wa hesabu katika Oxford. Kisa cha Alice alikisimulia kwanza ndani ya mashua mwaka 1862, kwa ajili ya watoto watatu, na kitabu kikatoka mwaka 1865. Kwa Kiswahili kilitokea mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Naye J. R. R. Tolkien, profesa wa Kiingereza cha kale katika mji huohuo, alieleza mwenyewe kwamba alikuwa akisahihisha karatasi za mitihani, akakuta ukurasa mtupu, akaandika juu yake sentensi moja ambayo hakujua maana yake. Sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa The Hobbit, kitabu kilichotolewa mwaka 1937. Jambo la kuangaliwa na wanalugha ni kwamba Tolkien alianza na lugha za kubuni. Lugha zilitangulia, kisha akatafuta watu wa kuzisema na nchi ya kuwaweka watu hao.

2. Kanuni ya nchi

Mwandishi mpya hudhani ya kuwa katika nchi ya kubuni kila jambo lawezekana. Hilo ndilo kosa la kwanza. Pasipo kanuni, ajabu haipo, kwa kuwa ajabu hupimwa kwa kulinganishwa na kawaida. Tazama jinsi Kusadikika ilivyojengwa. Nchi hiyo iko angani, na hilo ndilo ajabu lake kubwa. Lakini ndani yake mna baraza, mfalme, mawaziri na mshitakiwa aitwaye Karama, ambaye kosa lake ni kutaka kufundisha elimu ya sheria. Wajumbe sita walipelekwa pande sita, pande nne za dunia pamoja na juu na chini, na kila mmoja aliporudi na habari njema alilipwa kifungo. Karama huwataja mmoja baada ya mmoja katika utetezi wake. Msomaji aliyekubali kwamba nchi yaweza kuwa angani haombwi kukubali jambo jingine kubwa kuliko hilo. Ajabu ni moja, na dhuluma aitambue mwenyewe kwa kuwa ameiona duniani.

Naomba ruhusa nitoe mfano wa nyumbani kwangu. Miaka michache iliyopita nilianza kuandika riwaya ya mji ulio chini ya bahari. Nilikwisha kuandika sura nne, nyumba zote za matumbawe, milango ya lulu, na sultani mwenye ndevu za mwani. Shangazi yangu, mtu wa kusikiliza kuliko kusoma, aliniomba nimsomee. Nikamsomea mpaka usiku ukawa mwingi. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mji ni mzuri. Lakini wamezungukwa na chumvi kila upande. Watu wako wanakunywa nini?"

Nikamjibu, "Shangazi, hiyo ni hadithi tu."

Akasema, "Najua ni hadithi. Nauliza wanakunywa nini."

Sikulala vizuri usiku ule, kwa maana sura zangu nne hazikuwa na jibu. Hatimaye nilizifuta tatu katika hizo. Mji wangu sasa hununua maji matamu kwa watu wa nchi kavu, na bei ya mtungi mmoja hupandishwa na sultani kila mwaka. Swali la bibi yule lilinipa kisa, kwani kabla yake nilikuwa na mapambo matupu. Nchi ya kubuni yahitaji kisima, jaa na makaburi kabla ya kuhitaji jumba la kifalme.

3. Majina

Katika kutoa majina Kiswahili kina utajiri ambao waandishi wapya wengi huupita bila kuuona. Huokota majina yenye mlio wa kigeni, wakidhani kwamba ugeni wa sauti ndio ugeni wa nchi. Shaaban Robert alichukua njia nyingine. Kutoka kitenzi sadiki alipata sadikika, kwa kiambishi cha kutendeka, kisha akakirudisha kitenzi katika umbo la jina: Kusadikika. Vivyo hivyo fikiri, fikirika, Kufikirika. Jina zima la nchi limefinyangwa kwa kanuni ambayo kila mtoto anaijua, na maana yake hufika kabla ya maelezo. Majina ya watu aliyafanya kwa sifa zao: waziri mshitaki huitwa Majivuno, na ndugu wawili wa Adili ni Hasidi na Mwivu.

Katama Mkangi naye, katika riwaya yake ya mwaka 1995, aliita nchi Walenisi, jina ambalo msomaji akilikata mahali panapostahili hupata "wale ni sisi". Hapo jina limefanya kazi ya sura nzima.

Hata hivyo njia hii ina hatari yake. Mtu akiitwa Hasidi, msomaji hangoji kujua tabia yake, amekwisha kuambiwa. Kwa hiyo mwandishi wa leo hana budi kuchagua: ama ataje sifa waziwazi na atafute mvuto wake mahali pengine, ama afiche maana ndani ya umbo kama alivyofanya Mkangi. Asichofaa kufanya ni kuchanganya njia zote mbili pasipo sababu, hata mmoja akaitwa Busara na jirani yake akaitwa kwa sauti zisizo asili katika lugha yoyote.

4. Upatanisho

Sasa tufike penye jambo la sarufi hasa. Lugha yetu hutenga vyenye uhai na visivyo na uhai kwa upatanisho wa maneno. Wanyama, hata wakiwa na umbo la ngeli nyingine, huchukua a- na wa-. Ndiyo sababu paa asemaye katika kisa cha Sultani Darai, kilichomo katika hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha mwaka 1870, hakuleta taabu yoyote. Kabla ya kusema alikuwa tayari ni "yeye". Katika lugha nyingi mnyama huinuliwa daraja ili aseme. Kwetu daraja hiyo anayo tangu zizini.

Katika Adili na Nduguze ndugu wawili hugeuzwa manyani. Angalia kwamba upatanisho haubadiliki hata kidogo: ndugu walikula, manyani walikula. Jina limegeuka, kiambishi kimebaki. Tena neno nduguze lenyewe, yaani ndugu zake, limebaki juu ya jalada, kana kwamba lugha imekataa kuuvunja udugu ambao uchawi umeufunika.

Taabu huanza pale ambapo kitu kisicho na uhai kinapopata uhai. Tuseme mwandishi ana kisima kinachosema. Je, aandike "kisima kikasema" au "kisima akasema"? Zote mbili zaweza kusimama, lakini hazisemi jambo moja. Katika ya kwanza, kisima kimebaki kisima, na sauti ndiyo ajabu. Katika ya pili, kisima kimekuwa mtu. Mwandishi stadi aweza kuitumia tofauti hiyo kama ngazi: aanze na ki- muda ambao wanakijiji wanakiogopa, kisha ahamie a- siku ile ambapo mtoto mmoja anakiamkia. Msomaji ataona mabadiliko kabla ya kuelezwa. Lakini mwandishi anayeruka toka ki- hadi a- na kurudi, bila kujua, huibomoa nchi yake mwenyewe.

Viumbe vya ghaibu navyo vina desturi zao. Jini na zimwi, ingawa wingi wao ni majini na mazimwi, hupatanishwa kama watu. Kijitu huvuta ki-, na jitu laweza kuvuta li- au a- kwa kadiri ya kudharauliwa au kuheshimiwa kwake. Mzimu una matata zaidi. Ni roho, na pia ni mahali roho inapoendewa kwa sadaka na nadhiri. Katika jina la riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotolewa mwaka 1960, kiunganishi wa hakisemi kama tuko katika ngeli ya mtu au ya mti, kwa kuwa katika umoja ngeli zote mbili hukutana hapo. Anayetaka kuandika juu ya mzimu na aamue tangu ukurasa wa kwanza ni upi anaoukusudia, kisha asitetereke.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni kiambishi hu-. Kanuni ya nchi ya kubuni husemwa vizuri kwacho: "Mti huu huchanua mwezi ukifa." Maneno machache hayo yameweka sheria isiyo na tarehe wala mtungaji. Kisha kisa kiende kwa -ka-, na msomaji ataona pasipo shida ni lipi la daima na lipi limetokea leo.

5. Kazi ya kila usiku

Aliye na shughuli nyingine mchana asijipimie kipimo cha mwenye nafasi. Maneno 300 kwa usiku, siku 4 kwa juma, ni maneno 1,200. Na kwa majuma 50 yanafika 60,000, yaani riwaya ya kutosha. Asisahihishe sura ya kwanza mpaka amefika sura ya mwisho, kwa sababu sheria za nchi yake hatazijua zote kabla ya kufika huko. Awe na daftari moja la majina, masafa na upatanisho aliouchagua. Kisha awasomee watu kwa sauti, kwani hadithi zetu zilikuwa za masikio kabla ya kuwa za macho. Anayesikiliza hugundua upungufu ambao msomaji huweza kuuruka.

6. Hitimisho

Huenda riwaya ya kwanza isichapishwe. Nyingi hazichapishwi, na yangu bado imo sandukuni. Lakini faida yake kwa lugha haingoji mpiga chapa. Kila mtu anayekaa usiku akijiuliza kama kisima chake ni ki- au a- ameilazimisha lugha yake ijibu swali jipya, na jibu likisha kupatikana ni mali ya wote. Waandishi hao wakikata tamaa, vijana wetu watakaotaka nchi za ajabu watazitafuta katika lugha nyingine, na watazipata. Watazoea kuota kwa maneno ya kuazima. Kisha tutajadiliana katika majarida kwa nini Kiswahili hakitoshi, hali ya kuwa tulikuwa hatujakituma huko.

Shangazi yangu huniuliza kila tunapoonana kama mtungi umeshuka bei. Namjibu bado, ila watu wa mji wameanza kunung'unika. Hilo humridhisha, naye huniambia niendelee.