Madini Yaogopayo Hewa

Sote twamjua mhunzi na mivukuto yake. Pasipo hewa moto wake hufa, na moto ukifa chuma hakilainiki. Lakini yako madini ambayo hewa hiyo hiyo ni adui yake. Nayo huyeyushwa katika tanuru iliyokwisha kutolewa hewa. Leo twataka kueleza kazi hiyo, na sababu ya watu kujitaabisha hivyo.

Katika kila sehemu 100 za hewa, 21 hivi ni oksijeni, ndiyo ilayo chuma kikapata kutu. Madini yakiwa moto sana huliwa upesi zaidi. Tazama mabapa madogo yazungukayo ndani ya injini ya ndege ya jeti, katika upepo wa moto mkali. Mengi yamefanywa kwa nikeli iliyotiwa kromiamu, na alumini na titani kidogo. Hizo mbili za mwisho huyapa nguvu. Nazo ndizo zishikwazo mbele na oksijeni. Yakiyeyushwa hewani, hugeuka takataka zibakizo ndani bila kuonekana. Hapo ufa huanza. Na bapa likikatika angani, roho za watu zimo hatarini.

Je, moto utawakaje pasipo hewa? Hauwaki, umeme hushika kazi yake. Chungu cha kuyeyushia huzungushiwa bomba la shaba lipitalo umeme uendao na kurudi upesi mno. Umeme huo huamsha umeme mwingine ndani ya madini yenyewe, yakapata moto hata yakayeyuka. Nikeli huyeyuka kwa digrii 1455 za Selsiasi. Lakini bomba haliungui, kwa kuwa maji baridi hupita ndani yake. Pampu huvuta hewa nje, na gesi zilizojificha katika madini hutoka pia. Kisha chungu huinamishwa, madini yakamiminwa katika kalibu, mlango ungali umefungwa.

Miongoni mwa waliotangulia ni Wilhelm Rohn wa Hanau, Ujerumani, ambako kampuni ya kazi hii iliundwa mwaka 1923. Tangu miaka ya 1950 imeenea kwa ajili ya injini za jeti.

Hata hivyo haifai kwa kila madini. Manganizi, ikiyeyushwa hivyo, hugeuka mvuke ikapotea. Basi fundi hana budi kujua kwanza tabia ya madini yake, ndipo achague tanuru.