Jinsi Bahari Inavyokula Nchi Kavu

Msomaji akaaye Riruta, mbali na bahari, huenda ameuona mto wa Ngong ukifurika Kibera wakati wa masika na kumega kingo zake. Kazi iyo hiyo hufanywa na bahari kule pwani, ila bahari haingoji mvua.

Mwezi huvuta maji ya bahari, nayo hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, jua huvuta pamoja nao. Hayo ndiyo maji ya bamvua, na huko Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa kwake hupita mita 3. Mawimbi nayo hayapigi kwa maji matupu: hurusha mchanga na mawe, na kushindilia hewa katika nyufa. Jabali huliwa chini, na sehemu ya juu, ikikosa egemeo, huporomoka. Mchanga upatikanao huchukuliwa na kumwagwa mahali pengine, ukawa ufuo mpya.

Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyojengwa na Wareno mwaka 1593 hadi 1596, imesimama juu ya jabali la matumbawe. Mawimbi yalilimega jabali hilo hata ikahofiwa kwamba ngome itaanguka, ndipo ukajengwa ukuta wa kuyazuia.

Lakini ukuta ni gharama kubwa. Miamba ya matumbawe iliyo mbele ya pwani huvunja nguvu za mawimbi, na mizizi ya mikoko hushika tope. Basi akataye mikoko ovyo, au achotaye mchanga wa ufuoni, aifungulia bahari mlango wa nyumba yake mwenyewe.