Ibada Zilizomo Uani (3): Majani ya Mkunazi

Juma lililopita tulikuwa kwenye maji ya kutawadhia. Leo tunaingia msibani, na tutaingia kupitia mti ambao wengi wetu tuliurushia mawe utotoni.

Mkunazi hauna makuu. Umejaa miiba, kivuli chake chepesi, na mbuzi huyamaliza majani ya matawi ya chini. Watoto wakitoka chuoni huokota kunazi zilizoanguka, wakazifuta vumbi kwa pindo la kanzu, wakala. Lakini mtu akifa, ndio mti unaoendewa mapema: majani yake huchumwa, yakatwangwa, yakavurugwa ndani ya maji mpaka yakatoa povu, na maiti akaoshwa kwayo.

Mafunzo haya ni ya tangu zama za Mtume (S.A.W.). Alipofiwa na binti yake, ambaye katika mapokezi ya Muslim anatajwa kuwa Zainab, aliwaelekeza wanawake waliomwosha, miongoni mwao Ummu Atiyya, watumie maji na majani ya mkunazi. Waoshe mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, na mara ya mwisho watie kafuri, ile ambayo huku pwani tunaiita karafuu maiti. Wanazuoni wa fiqhi wameichambua Hadithi hii kwa upana, hasa hizo hesabu za witiri. Mimi hunishika pengine. Aliwaambia wakimaliza wamjulishe. Yaani baba alikuwa nje, anangoja. Walipomjulisha akawapa shuka yake mwenyewe, wamvike binti yake iguse mwili.

Nami nimewahi kungoja hivyo, nje ya chumba, siku tuliyofiwa na mama. Mtoto wa kiume hana kazi mle ndani, nilitumwa majani. Mkunazi wetu ulikuwa nyuma ya jiko, na mama mwenyewe alikuwa akianika vyombo chini yake kila asubuhi. Nilichuma kwa pupa, miiba ikanichana viganja vyote viwili. Mpaka saa ile sikuwa nimelia. Damu ilipotoka ndipo na machozi yalipotoka, na sikuona haya, kwani Mtume naye alimlilia mwanawe Ibrahim hadharani.

Qurani, katika Suratun Najm, inautaja Mkunazi wa Mwisho, Sidratul Muntaha, kule Mtume alikomwona Jibrili mara ya pili. Huo ni wa ghaibu, siwezi kuulinganisha na wetu wa nyuma ya jiko. Ila jina ni hilohilo moja, na tangu siku ile kila nikiisoma sura hiyo viganja vyangu hukumbuka.

Siku hizi mijini majani hununuliwa yakiwa unga, ndani ya kifuko, na kisheria unatosha. Siwalaumu wanaoutumia, wengine hawana hata ua. Nasikitika tu kwamba kifuko hakimpi mfiwa safari ya kwenda mtini.

Nilipomkabidhi shangazi majani yangu, aliyatazama, akanirudishia sinia.

“Chambua vijiti vyote, mwanangu,” aliniambia. “Visije vikamkwaruza.”

Nikakaa kizingitini, nikachambua jani kwa jani.

*Juma lijalo: tawi bichi la mtende juu ya kaburi.*