Kukaa Kitako kwa Muda Mrefu na Afya ya Moyo

Wakazi wengi wa Mkula huyahesabu maradhi ya moyo kuwa ya watu wa mijini wenye magari na ofisi. Kwa mkulima anayepalilia pamba tangu alfajiri, dhana hiyo ina ukweli wake. Lakini si kila mkazi hushika jembe kutwa. Kijana wa bodaboda huketi juu ya pikipiki akingoja abiria, mwenye duka huketi nyuma ya meza yake, na dereva wa basi la Mwanza na Musoma huketi safari nzima. Mkulima mwenyewe, pamba ikishauzwa, hupata majuma mengi ya kuketi kivulini. Fundi cherehani ana nafuu kidogo, maadamu mashine yake ni ya kukanyaga.

Jambo hili lilianza kutazamwa kwa makini nchini Uingereza. Mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa katika gari moja, lakini madereva waliugua maradhi ya mishipa ya moyo zaidi kuliko makondakta, ambao walipanda mamia ya vidato vya ngazi kila siku. Haki itendeke: baadaye Morris alikagua vipimo vya sare zao na kukuta kwamba madereva walikuwa wanene zaidi tangu walipoajiriwa. Kwa hiyo kukaa hakukuwa sababu pekee.

Ushahidi wa karibu zaidi watoka nchini mwetu, kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Mwaka 2020, watafiti wa Marekani wakishirikiana na Audax Mabulla wa Tanzania walieleza kuwa Wahadzabe waliovishwa vifaa vya kupimia mwendo walipumzika karibu saa 10 kwa siku, muda usiopungukiwa sana na ule wa watu wa nchi tajiri. Hata hivyo dalili za maradhi ya moyo ni haba kwao. Hutembea sana, ni kweli, lakini pia mapumziko yao si ya kitini: mara nyingi huchutama au hupiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi.

Misuli hiyo ndiyo kiini cha habari. Vigimbi vinapokaza husukuma damu kuirudisha moyoni, na misuli inayofanya kazi huchukua sukari na mafuta kutoka katika damu. Mtu akiketi saa 3 bila kuinuka, kazi hiyo hufifia. Damu huenda polepole miguuni, na sukari ya mlo uliopita hukawia kushuka. Hali hiyo ikirudiwa kila siku kwa miaka, mishipa huumia.

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kuwa kutembea dakika 5 kila baada ya nusu saa ya kukaa hushusha sukari baada ya mlo pamoja na shinikizo la damu. Waliopimwa walikuwa 11 tu, lakini tiba hiyo haigharimu kitu. Mwenye duka aweza kusimama anapohudumia mteja na kuzunguka rafu zake. Kijana wa bodaboda ashuke, aizunguke kijiwe mara kadhaa. Wacheza bao nao wapeane zamu. Mwenyekiti wa mkutano wa kijiji hatapungukiwa heshima akiwaomba wajumbe wainuke katikati ya ajenda.

Kuinuka huko hakuchukui nafasi ya mazoezi. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa juma, na kutembea kwa haraka au kulima vimo katika hesabu.

Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, hivyo mkazi mwenye umri wa miaka 40 na zaidi apimwe katika zahanati au kituo cha afya hata akijiona mzima. Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, chahitaji matibabu. Mwenye maumivu ya kifua, pumzi kukatika au mguu mmoja kuvimba ghafla asianze kutembeatembea. Apelekwe hospitali mara moja.