Barua ya Rufaa na Safari ya Mgonjwa wa Kakamega

Kila siku alfajiri, katika kituo cha magari cha Kakamega, huonekana abiria ambao hawaendi sokoni wala kazini. Mmoja amejifunika blanketi, na mwenziwe ameshika bahasha kubwa yenye picha za eksirei. Hao ni wagonjwa na jamaa zao. Wengi wanakwenda Eldoret au Kisumu, na wachache Nairobi, kwa kuwa wameambiwa ya kwamba ugonjwa wao wahitaji hospitali kubwa zaidi. Lakini si wote wajuao kwa nini wametumwa huko na si kwingine, wala ile karatasi waliyopewa ina kazi gani. Na kutojua huko huwapotezea fedha, na mara nyingine uhai.

Safari za namna hii si jambo geni. Wamisheni wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na baadaye Wakatoliki nao wakawa na hospitali zao Mukumu na Mumias. Na katika siku zile barabara zilipokuwa chache, asiyeweza kutembea alichukuliwa kwa machela mabegani mwa ndugu zake. Kakamega ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi mwaka 1963, hospitali yake ikawa ya mkoa mzima, ikipokea wagonjwa wa Bungoma na Busia pia. Mwaka 1969 ikafunguliwa Kisumu hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, na hata leo wazee huiita "Russia", ijapokuwa jina lake sasa ni la Jaramogi Oginga Odinga. Ile ya Eldoret, iliyoanza ikiwa ndogo mwaka 1917, ilifanywa hospitali ya rufaa ya taifa mwaka 1998, nayo ndiyo inayoitwa hospitali ya Moi.

Matibabu nchini Kenya yamepangwa kwa madaraja sita. La kwanza ni kazi ya wahudumu wa afya wanaotembelea nyumba za watu. Hufuata zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali kama zile za Malava na Butere. La tano ni hospitali kuu ya Kakamega, na la sita ni hospitali za taifa kama Kenyatta na Moi. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, kwa kufuata Katiba ya 2010, zilikabidhiwa madaraja yote ya chini pamoja na magari ya wagonjwa, na hospitali za rufaa za taifa zikabaki mikononi mwa Serikali Kuu.

Hapo ndipo pana ugumu, maana maradhi hayafuati mipaka. Mtu wa Likuyani yu karibu zaidi na Eldoret kuliko mji wa Kakamega. Mtu wa Khwisero huona Kisumu ni jirani. Na watu wa Vihiga na wa upande wa magharibi wa Nandi huja Kakamega kwa kuwa ndiyo njia yao fupi. Dawa anazotumia mgeni hununuliwa kwa fedha za kaunti inayompokea, na manung'uniko juu ya jambo hilo yana haki ndani yake. Walakini manung'uniko hayo ni ya wakubwa kusemezana mezani, si ya kumtupia mgonjwa mlangoni. Katiba, katika Ibara ya 43, yakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 yaeleza ya kwamba matibabu hayo ni pamoja na kuituliza hali ya mgonjwa na kumpangia safari ya kwenda mbele. Kwa hiyo aliyegongwa na pikipiki njiani hana haja ya kutaja kaunti yake ndipo damu izuiwe.

Kwa asiye wa dharura, barua ya rufaa ndiyo ufunguo. Barua iliyoandikwa vema hutaja ugonjwa unaodhaniwa, vipimo vilivyokwisha kufanywa na majibu yake, dawa alizopewa mgonjwa na saa alizopewa, na sababu ya kumpeleka mbele. Asiye na barua hupimwa upya tangu mwanzo, hulipa tena, na huenda akarudishwa daraja la chini baada ya kungoja kutwa nzima. Ni haki ya mgonjwa kumwomba daktari amsomee barua hiyo na kumweleza maana yake. Wengi huona haya kuuliza, na haya hiyo haina faida. Yafaa pia kumwomba apige simu kwanza, kujua kama huko aendako pana kitanda na mganga wa ugonjwa ule. Na mama anayetokwa na damu asitiwe katika matatu kwa sababu gari la wagonjwa limechelewa nusu saa: katika gari hilo pana mtu wa kumhudumia njiani, na katika matatu hakuna.

Baadhi ya safari zimefupika. Tangu mwaka 2015 Serikali ilianza kuzipelekea hospitali za kaunti mashine za kusafisha damu ya wenye ugonjwa wa figo. Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji kusafishwa mara mbili au tatu kila juma, na mwenye kuona nauli ya Eldoret mara mbili kila juma ni kitu kidogo hajapata kuilipa.

Juu ya malipo, bima ya zamani ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, iliondolewa, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikashika kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Asiyejiandikisha afanye hivyo kabla ya safari, na kitambulisho kisiachwe nyumbani. Lakini bima haimlipii jamaa nauli, wala chakula, wala mahali pa kulala, na hesabu hiyo ndiyo inayozishinda nyumba nyingi. Iko na nyingine ambayo watu huisema kwa sauti ya chini: gharama ya kurudisha maiti kutoka mbali ili izikwe nyumbani. Wako wazee waliokataa safari kwa kuiogopa hiyo, na ugonjwa uliokuwa wa kutibika ukawaua. Heri jamaa wakae kikao na kulizungumza waziwazi kabla ya mgonjwa kuzidiwa.

Mwisho wa matibabu, hospitali kubwa huandika barua ya kumrudisha mgonjwa, ikitaja dawa za kuendelea nazo na siku ya kuonwa tena. Barua hii hupelekwa kwa waganga waliomtuma. Mara nyingi huonekana baada ya miezi mingi, imekunjwa ndani ya sanduku pamoja na hati za shamba, na siku ya kuonwa imekwisha kupita.