Ulimi wa Daktari na Sindano ya Binti (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwamba aina mbili tu za virusi vya HPV, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo yake ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018. Tangu 2024 dozi ni moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sindano ipo, basi. Leo tuitazame sentensi ya kwanza inayomtoka daktari.

Mwaka 2013 Douglas Opel na wenzake walichapisha utafiti wa mazungumzo 111 ya madaktari na wazazi, yaliyorekodiwa kwa video huko Seattle, Marekani. Daktari alipotangaza, "Leo mtoto anapata chanjo zake," asilimia 26 ya wazazi walipinga. Alipouliza mzazi anataka kufanya nini, walipinga asilimia 83. Tusikimbilie hukumu: huenda daktari huuliza pale anapomwona mzazi tayari ana mashaka. Lakini daktari aliyepingwa akashikilia ushauri wake aliwapata karibu nusu ya wapingaji.

Kwetu tatizo lina sura nyingine. Mama hampingi daktari usoni. Atasema, "Sawa daktari, ngoja nikamuulize baba yake," na hapo ndipo hutamwona tena. Daktari akidhani amekubaliwa, amejidanganya.

Kwa hiyo, ukishatangaza sindano, uliza: "Mama, mtaani wanasemaje kuhusu chanjo hii?" Swali hilo linamruhusu kutoa hofu yake kwa mdomo wa jirani. Mara nyingi utasikia habari ya ugumba. Usicheke. Kenya mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walidai chanjo ya pepopunda ina homoni ya kuharibu mimba. Serikali ilikanusha, lakini maneno yalishasambaa. Anayeogopa kizazi cha bintiye kufungwa si mjinga, anakilinda kizazi kilekile unachotaka kukilinda wewe. Anzia hapo. Omba ruhusa ya kueleza, eleza kwa sentensi mbili tatu, kisha nyamaza. Kama binti yako mwenyewe amechanjwa, mwambie.

Akisema bado, mpe tarehe ya kurudi, na umwambie baba naye anakaribishwa. Huyo baba, ambaye kliniki nyingi hazijawahi kumwona, ndiye tutakayemfuata wiki ijayo.