Miti ya Kukamatia Watu: Ipi Yenye Miiba Mingi, Ipi Imedumu, Ipi Katili Kuliko Zote

Mwizi aliyeshika panga ana kipimo chake: urefu wa mkono wake na wa panga lenyewe. Mgambo wa kijiji akimwendea na rungu, hana budi kuingia ndani ya kipimo hicho. Wajapani wa enzi ya Edo (1603–1868) walikivuka kwa miti mitatu ya karibu mita mbili, sodegarami, tsukubo na sasumata, ili mwenye upanga akamatwe akiwa hai na askari naye arudi mzima.

Kwa miiba, sodegarami haina mpinzani. Kichwani ina ndoano za chuma zilizoelekea huku na huku, za kunasa mikono mipana ya kimono. Kadiri mtu anavyojaribu kujinasua, ndivyo anavyozidi kujisokota. Chini ya kichwa mti umevishwa chuma chenye miiba, aliyenaswa asipate pa kushika. Tsukubo, yenye kichwa cha herufi T kilichojaa meno, ilikuwa ya kusukumia na kuangushia.

Iliyodumu kuliko zote ni sasumata, nami naipa ushindi wa jumla. Ni panda ya chuma inayombana mtu ukutani au chini. Juni 8, 2001, mtu mwenye kisu aliwaua wanafunzi 8 wa shule ya msingi Ikeda, Osaka. Baada ya hapo sasumata za alumini, zisizo na miiba, zilienea mashuleni, na walimu hufanya mazoezi nazo. Novemba 2023, mfanyakazi wa duka la vito huko Ueno, Tokyo, aliwatimua majambazi kwa sasumata.

Kwa kufika mbali, upinde wa sungusungu, walinzi wa jadi wa Tanzania walioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, unaishinda miti yote. Lakini mshale haumkamati mtu bila kumwaga damu.

Kwa ukatili hakuna kinacholifikia kongwa, mti wenye panda wa kufungia shingo za watumwa, nalo ni la kwetu Afrika Mashariki. Misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje ilikatiza kusini mwa Tanzania ya leo. Panda ni kama ya sasumata, na urefu, futi sita hadi saba, unakaribiana. Ila sasumata ilimbana mtuhumiwa kwa muda mfupi mpaka afungwe kamba. Kongwa lilipigiliwa chuma mbele ya koo, mateka akatembea nalo njia nzima. Julai 1861, kijijini kwa Mbame, katika Malawi ya leo, mmisionari na mpelelezi David Livingstone na wenzake waliwafungua watu 84, wengi wao wanawake na watoto. Kamba zilikatwa kwa visu. Makongwa ya wanaume yalihitaji msumeno, uliopatikana kwa bahati katika mizigo ya Askofu Mackenzie, aliyekuwa katika msafara huo.